Ushindi Sabini na Moja kwa Jina la Felix

Al Mansoura, Doha
Alhamisi alasiri

Kendi mwanangu,

Mwezi wa tatu mwaka jana, 2015, nilipoteza ushindi sabini na moja. Hakuna aliyenipora. Ligi yetu ya besiboli ilijenga ukuta wa heshima pale uwanjani, ikabandika vibao vinane vya shaba vyenye majina ya wachezaji bora waliowahi kucheza katika mji huu, na jina langu halikuwepo. Kazi yangu ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kibao cha tatu kutoka kushoto, chini ya jina la Ankol Felix.

Haya unayajua. Lakini Jumapili uliniambia, "Baba, si ni kibao tu? Mwachie," nami sikukujibu. Nilichukua ndoo nikaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi. Sasa wewe na mama yako mmekwenda kuaga watu mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, masanduku yako mawili yamesimama mlangoni, na nina muda wa kukujibu kama mtu mzima. Kesho mchana unapanda ndege kwenda Nairobi, kuanza chuo, na utafikia nyumbani kwa huyo huyo Felix. Kabla ya hapo, kesho asubuhi, katibu wa ligi atapiga simu hapa, na ninataka jibu moja kutoka kwako. Nitalifikia. Kwanza nisikilize.

Mambo ya sweta, laini ya simu na kutokula vyakula vya kando ya barabara wiki ya kwanza, mama yako ameshayasema. Sitayagusa.

Nilifika hapa 2003 nikiwa soja, mlinzi wa mlangoni. Tulilala wanaume wanane chumba kimoja kule Industrial Area, basi la kampuni likatuchukua alfajiri na kuturudisha giza likiwa limeingia. Kazi ya soja ina ajabu yake. Unasimama mahali ambapo mji mzima unapita, na hakuna anayekuona. Watu waliniuliza choo kiko wapi huku wakitazama juu ya kofia yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nina mke na mtoto Meru, na nilianza kujishangaa nikijiona kwenye kioo.

Mwaka wa pili kampuni ikanipeleka kulinda lango la kiwanja cha shule fulani, nje ya mji, mahali pa kokoto tupu na uzio wa waya. Ijumaa Wafilipino walikuja kucheza besiboli. Siku moja wakapiga mpira vibaya, ukaruka ukaangukia kwangu. Kanuni ya kampuni ilisema soja asiondoke langoni hata hatua moja, kwa hiyo sikuupeleka. Niliurusha kutoka pale pale nilipokuwa nimesimama, ukavuka kiwanja kizima, ukaingia kwenye glavu ya mdakaji bila yeye kusogea.

Kocha wao, fundi umeme aliyeitwa Ramil, akaja mbio.

"We soja! Umejifunza wapi?"

"Meru."

"Meru ni timu ya nchi gani?"

Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Nikamweleza kwamba mkono ule ulianza kwa kutupia tumbili mawe kwenye mahindi ya bibi yako, kisha sekondari akaja mwalimu mmoja wa kujitolea mwenye glavu sita kuukuu, akatufundisha wavulana mchezo ambao hata mwalimu mkuu aliudhani ni wa kupiga panya. Ramil hakusikia hata nusu. Alikuwa ameshika kiganja changu anakigeuzageuza kama mtu anayekagua embe.

Sasa, kusajiliwa kwenye ligi kulihitaji barua ya ruhusa kutoka kwa mwajiri. Nilikwenda kwa mudiri, mkuu wa kampuni yetu. Hakuinua hata macho. "Wewe ni soja," akasema. "Soja anacheza lini? Halas." Na ikawa halas, mambo yakaisha hapo.

Felix ndiye aliyenitoa hapo. Nilimfahamu kanisani, alikuwa mhudumu wa hoteli, na hoteli yake ilipenda wafanyakazi wacheze michezo ili wapigwe picha. Yeye alikuwa na barua, alikuwa na kadi ya ligi, na alikuwa ameshacheza michezo miwili akiwa mrushaji, yule anayesimama katikati juu ya kituta na kumrushia mpira mwenye gongo. Alishindwa yote miwili. Akiona mpira unarudi kwake alifumba macho. Aliniambia tukiwa tumekaa ukingoni mwa barabara tunakunywa chai ya karaki:

"Kaka, chukua hilo jina. Mimi pale uwanjani silitumii."

"Na wakikagua picha?"

"Buda, wewe ni mweusi, mimi ni mweusi. Yule kijana wa kukagua akituweka pamoja atadhani anaona mara mbili."

Alisema kweli. Kwa misimu saba hakuna aliyeuliza. Nilipokea zamu za usiku ili Ijumaa niwe huru, nikalala kidogo ndani ya basi, nikapanda kwenye kituta nikiwa Felix. Na mwanangu, sijui nitakueleza vipi. Mtu yule yule ambaye mji ulikuwa unaangalia juu ya kofia yake sasa anashika mpira, na watu mia mbili wananyamaza kusubiri mkono wake. Mtu akipaza sauti akaniita Felix, niligeuka. Ningegeuka hata angeniita Sharifa.

Wewe ulikuja 2007. Mama yako alikuwa amepata kazi ya uuguzi, mimi nilikuwa nimeacha usoja na kupandishwa kutoka dereva hadi msimamizi wa madereva kwenye kampuni ya usafiri, tukapata kibali cha familia. Ulikuwa na miaka tisa, hukunifahamu vizuri, na Ijumaa ya kwanza mama yako alikuwa zamuni. Nikakubeba uwanjani kwa sababu sikuwa na pa kukuacha. Nikakuweka kwenye ngazi nyuma ya wavu, kando ya Felix, na soda ya machungwa.

Nakumbuka ulivyoniuliza tukirudi: "Baba, mbona wanakuita Ankol Felix?"

Felix alikuwa kiti cha nyuma cha gari. Akadakia kabla yangu: "Ni kwa sababu mimi ndiye mwenye sura nzuri. Wanamchanganya."

Kuanzia siku hiyo ukawa mchezo wenu. Kila wakiimba "Fe-lix! Fe-lix!" mimi nikiwa kwenye kituta, yeye kule ngazini alisimama, akavua kofia, akainama kulia na kushoto kama rais, na wewe ulicheka mpaka soda ikakutoka puani. Nilikuwa nakusikia. Unafikiri mrushaji hasikii kitu, lakini mimi nilisikia kicheko chako katikati ya watu mia mbili, na nilirusha vizuri zaidi. Tulikuwa hatujazoeana bado, wewe na mimi. Nadhani tulizoeana pale, katika vumbi lile, mimi nikiwa na jina la mtu mwingine.

Hapo ndipo ninapotaka uniangalie kwa makini, kwa sababu watu wanadhani kosa langu ni kukopa kadi. Sivyo. Kukopa kadi kulikuwa ni lazima. Kosa langu ni la mwaka huo huo ulipofika. Kampuni mpya ilikuwa tayari kunipa barua. Meneja aliniambia mwenyewe, "Ukitaka kucheza, cheza, mradi magari yatoke kwa wakati." Ramil akafurahi, akaniambia njoo nikusajili kwa jina lako.

Nikauliza: na hesabu zangu?

Akasema kanuni ya ligi ni moja, mchezaji mpya anaanza na sifuri.

Wakati ule Felix alikuwa na ushindi ishirini na nane. Nasema Felix, namaanisha mimi. Nilizijua zote, mchezo kwa mchezo, hata upepo ulikuwa unatoka upande gani. Mama yako ananicheka kwamba nilizifahamu kuliko tarehe ya harusi, na hasemi uongo. Nikaona siwezi kuziacha. Mtu aliyetoka kulala watu wanane chumba kimoja, kila kitu nimekipata kwa kuongeza kimoja juu ya kingine, halafu mtu aniambie nianze na sifuri? Nikamwambia Ramil, wacha tu. Jina ni jina. Wanaojua wanajua.

Nikaendelea hadi 2011, bega lilipokataa. Jumla ikawa sabini na moja za kushinda, ishirini na mbili za kushindwa. Katika hizo ishirini na mbili, mbili ni za Felix mwenyewe, zile za kufumba macho. Ukutani wameziandika pia. Hata hilo linaniuma, ujue. Mimi nilishindwa ishirini.

Fanya hesabu nyingine, maana mimi nimeifanya mara nyingi mno. Ningekubali sifuri mwaka 2007, ningemaliza na ushindi arobaini na tatu kwa jina langu. Mrushaji aliyeandikwa kwenye kibao cha mwisho pale ukutani ana thelathini na tisa.

Sikuambii hili ili upate fundisho. Nakuambia kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumwambia. Kwenye chuo utaanza bila rafiki, Kiswahili chako watakicheka, utaitwa yule wa Doha kama unavyoitwa Mkenya hapa, na najua unayaogopa hayo kwa sababu nilikusikia ukimwambia Sharon, binti wa Felix, kwenye simu. Umechukua hofu hiyo kwangu. Nilikuwa na mkono wa kutupa mpira kuvuka kiwanja na sikuwa na moyo wa kuanza upya.

Na ile "wanaojua wanajua" nayo ilikuwa ujinga. Labda mahali pengine ni kweli. Kule Meru, mzee aliyeshinda mbio za tarafa akiwa kijana bado anasalimiwa sokoni kwa mbio zile, kwa sababu waliomwona bado wanauza viazi pale pale. Mji huu haukai na watu. Mkataba unakwisha, kibali kinafutwa, mtu anafunga mizigo kwa maboksi anaondoka, na chumba chake kinapata mwingine siku hiyo hiyo. Mdakaji wangu alirudi kwao Cebu 2010. Yule mhandisi Mjapani aliyekuwa akiipiga mipira yangu bila huruma, sijui hata yuko wapi. Ramil aliondoka 2013, namba yake haipatikani. Felix alirudi Kenya 2012, nikampeleka uwanja wa ndege mwenyewe, tukalia kama watoto. Siku walipokaa kuchagua majina ya ukuta, hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye meza ile aliyewahi kuniona nikirusha mpira. Walikuwa na hesabu tu, na hesabu zilisema Felix.

Wakampigia. Siwezi kusema aliiba. Walimpigia, naye akapokea. Wakamwomba salamu fupi ya video, wakaionyesha siku ya uzinduzi, mimi nikiwa nimesimama nyuma na sahani ya pilau mkononi. Akasema, "Namshukuru Mungu kwa mkono alionipa."

Mkono, Kendi! Mkono alionipa!

Nilimpigia usiku huo huo. Unajua alivyo, hajui kugombana. Akasema:

"Kaka, walinipata mezani. Mathe alikuwa hapo, watoto wako hapo, simu iko kwa spika. Mathe akaanza kupiga vigelegele hata kabla hawajamaliza kusema. Ningesema nini?"

"Ungesema si wewe."

"Mbele ya mamangu?"

"Na baada ya hapo? Kesho yake?"

"Nipe muda, kaka. Nitawaambia. Nipe tu muda."

Huu ni mwaka na nusu. Amefremu picha ya kibao, imetundikwa sebuleni kwake. Utakula chini yake kila jioni. Mamake anawaonyesha wageni. Hilo ndilo lililonifunga mdomo muda wote huu, maana yule mama ni mgonjwa na hana kosa, na mimi nina roho. Lakini nina roho mbili, na ya pili haijalala tangu mwaka jana.

Mama yako ananiambia, "Baba Kendi, mpe mtoto amani aende." Ananiambia pia kwamba sina ninachoidai Doha wala Doha haina inachonidai: nilikuja na begi moja, nina gari, nina mke, nina binti anayekwenda chuo kikuu. Ni kweli. Nimejijenga kwa mikono hii. Lakini sikiliza. Nimeishi hapa miaka kumi na mitatu. Siwezi kuzeeka hapa, siwezi kuzikwa hapa, na siku watakapofuta kibali changu nitatoka kama nilivyoingia. Katika miaka hiyo yote, ni kitu kimoja tu nilichokifanya ambacho mji wenyewe uliamua kukiandika kwenye shaba. Wakakiandika. Halafu si mimi.

Sasa hili la kesho. Wiki iliyopita nilimwendea katibu wa ligi, Bi Lorna, Mfilipino, mwanamke wa haki. Alikuja hapa mwaka alioondoka Felix, hakuniona nikicheza. Nilimweleza yote. Aliniuliza swali moja: nani mwingine aliona? Nikamwambia Ramil, akasema tumemtafuta, hapatikani. Nikasema mke wangu, akaniuliza alikuja michezo mingapi, ikabidi niseme ukweli kwamba mama yako alikuwa zamuni kila Ijumaa, hakuona hata mmoja. Nikasema Felix. Wamemwandikia mara mbili, hajibu.

Nikasema, binti yangu.

Kesho kamati inakutana kuidhinisha vibao vya mwaka huu na marekebisho ya vile vya zamani, na wakishafunga, wamefunga. Bi Lorna atapiga simu hapa nyumbani saa tatu asubuhi. Anataka kusikia sauti ya mtu aliyekuwepo. Hatakuuliza kuhusu sabini na moja. Atakuuliza kuhusu fainali ya 2009 tu, na siku ile uliiona yote. Ulikuwa umeng'ang'ania wavu kwa vidole. Ukucha wangu wa kidole cha kati ulikuwa umepasuka tangu katikati ya mchezo, nikawa najipangusa damu kwenye suruali nyeupe, na wewe ulikuwa unapiga kelele, "Baba, damu! Baba!" Watu wakakugeukia, maana mtu aliyeko kwenye kituta anaitwa Felix, na Felix yuko kando yako anakuziba mdomo huku anacheka. Mpigaji wa mwisho alikosa mara tatu. Ukaruka wavu. Bado sijui ulirukaje. Uliponifikia hukunipongeza, ulishika kidole changu ukaanza kukipuliza.

Nimeishi na siku hiyo kama watu wengine wanavyoishi na shamba.

Najua ninachokuomba. Ukiongea, Felix ataaibika mbele ya mamake na watoto wake, na ni wewe utakayekuwa umemwaibisha. Alikufundisha kuogelea. Sharon ni dada yako kuliko binamu zako wa damu. Hutaweza kulala kwenye nyumba ile usiku wa kesho, na mimi sitakuacha uhangaike: nimeshaongea na hosteli ya wasichana karibu na chuo, ya kanisa, wamekuwekea kitanda hadi Jumatatu wakisubiri neno langu. Hata nyumba ya shangazi yako Kitengela iko wazi. Kwa hiyo usikatae kwa sababu ya mahali pa kulala.

Ukikataa, nitakupeleka uwanja wa ndege vile vile. Nitakupa umbebee Felix zawadi vile vile, ile tende mama yako amenunua. Sitalirudia jambo hili kwenye simu, wala kwenye krismasi, wala siku ya harusi yako nikiwa nimekunywa. Hilo nakuahidi, na unajua mimi nikitoa hesabu sibadilishi. Lakini usidhani sitakuwa nimeumia. Sitakudanganya ili iwe rahisi kwako.

Kitu kimoja tu sikitaki. Usije asubuhi ukanikumbatia badala ya kunijibu. Wewe ni hodari wa hilo, umetoka kwa mama yako. Usiniambie "Baba, tutaona," usiniambie Mungu anajua. Mungu hajaulizwa na kamati. Usimwombe mama yako aniambie kwa niaba yako. Nitakuwa jikoni, nitakuwa nimeshavaa, chai itakuwa tayari.

Bi Lorna akikuuliza ni nani alikuwa anarusha mpira siku ile, utamwambia? Utaongea naye, Kendi, au hutaongea? Ndiyo au hapana, kwa mdomo wako, kabla ya saa tatu.

Baba yako,
Julius Mutwiri